Bapa, Nchi Inayoganda Daraja Likiondoka

Haya, sogeeni, na mwenye chungu jikoni akaepue kwanza, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Kisa chenyewe kibichi kabisa, hata vumbi la safari Mboni hajalikung'uta kwenye mkoba.

Mboni kama humjui utamjua sasa hivi: msichana mrefu, mwepesi wa kucheka, aliyemaliza chuo juzi tu akaajiriwa kutengeneza programu za kompyuta, zile za mezani maofisini. Kazi yake ilikuwa kipande kimoja: mtandao ukibadilika, programu ifanye nini? Waya umechomoka, wai-fai imefifia, mtu kaunganisha na simu yake, sasa programu ifanye nini? Wenzake walisema hiyo kazi ya nusu siku. Mboni akasema hiyo ndiyo kazi yenyewe, wakamcheka. Basi aliposikia iko nchi ambayo watu wake wanaishi jambo hilo hilo, kwa sheria na kwa amri, nani angemzuia? Alifikaje huko, tusipoteze muda. Alifika.

Nchi inaitwa Bapa, na ni bapa kweli, kama uso wa meza. Kilima huoni, bonde huoni, ukidondosha limau litakaa pale pale ulipolidondosha. Pande zote ardhi inakatika ghafla kama meza inavyokatika, na baada ya hapo ni ukungu mwaka mzima. Ukungu ule unameza sauti. Simama ukingoni upige kelele mpaka mishipa ya shingo ikutoke, sauti inafia mdomoni. Na nyuma ya ukungu ndiko Ng'ambo, na Ng'ambo ndiko yanakokumbukwa mambo yote, kwa sababu watu wa Bapa wenyewe hawakumbuki kitu rasmi. Mtoto hajazaliwa mpaka Ng'ambo waseme "tumepokea." Jina si jina mpaka Ng'ambo waseme "tumepokea." Hata marehemu anahesabiwa ni mgonjwa sana, watu wanaendelea kumpelekea uji, mpaka Ng'ambo waseme "tumepokea."

Habari zinafikaje huko? Kwa madaraja. Hakuna anayeyajenga. Yanaelea yenyewe kutoka kwenye ukungu, yanagusa ukingo, yanakaa yanavyotaka, yanaondoka yanavyotaka. Liko Daraja Pana, la mbao nene, sauti inapita juu yake kama gari jipya kwenye lami. Liko Daraja la Kamba, jembamba, linatetemeka, sauti inapita kwa taabu lakini inapita. Mjumbe anasimama kwenye mdomo wa daraja, anaita habari yake, kisha anangoja jibu.

"Hata kwetu yapo," Mboni alimwambia mwenyeji wake, Bi Chausiku, mama mnene mwenye sauti ya amri. "Sisi tunaita mtandao."

"Na likiondoka mnafanyaje?"

"Inategemea nani aliyetengeneza programu."

"Sisi tunaganda," alisema Bi Chausiku, kwa sauti ya mtu anayekwambia sisi tunakula wali.

Mboni alidhani anataniwa. Mara baragumu likalia kutoka mnarani, na Bi Chausiku, aliyekuwa anageuza vitumbua, akaganda. Kijiti mkononi, kitumbua kimesimama upande. Mboni akachungulia dirishani kwa furaha, maana hakutegemea kuona hivi siku ya kwanza. Mtu aliyekuwa anavuka barabara kasimama mguu mmoja mbele. Wawili waliokuwa wanagombana wameganda wamenyoosheana vidole. Mzee mmoja alikuwa katikati ya kupiga chafya, na Mboni anaapa chafya yenyewe ilingoja. Wasiojua sheria ndio walioendelea na maisha: moto ukazidi kuwaka, kuku wakaingia sebuleni wakala mchele uliokuwa ukichambuliwa. Baragumu likalia tena, kila mtu akaendelea pale alipoachia, na Bi Chausiku akakigeuza kile kitumbua kwa uangalifu ule ule.

"Mama, kimeungua," alisema Mboni.

"Kimeungua kwa nani? Kitumbua cha Bapa ndivyo kilivyo."

"Lakini kwa nini nchi nzima? Anayengoja daraja si mjumbe peke yake?"

Bi Chausiku alimtazama kama unavyomtazama mtoto wa watu aliyekosa malezi. "Mwenzio ananing'inia ukingoni, jibu hajapata, wewe unasonga ugali? Mjumbe akingoja, nchi inangoja. Hiyo ndiyo adabu. Wewe usiogope, mgeni hagandi, adabu bado hajafunzwa."

Sasa ndani ya nyumba ile palikuwa na jambo zito kuliko vitumbua. Binti yake Bi Chausiku, Shani, alikuwa anaolewa keshokutwa yake na kijana Ngwali, fundi wa milango. Kuolewa kwenyewe si neno. Neno ni kwamba alikuwa anaolewa kwa mara ya tano, na kwa bwana yule yule.

"Sheria ya Bapa, shoga," Shani alimweleza, wamekaa kitandani, miguu ya bibi harusi imenyooshwa hina ikauke. "Jambo likikatika kabla ya jibu, linaanza upya. Si pale lilipokatika, la. Toka mwanzo. Washenga waje tena, baba mkubwa ajifanye hamjui Ngwali, aulize wewe kijana ni wa nani. Kila harusi yetu daraja linaondoka kabla ya jibu. Mara ya kwanza nililia kweli. Mara ya pili nililia kwa adabu. Mara ya nne nililia huku namuuliza kungwi kama ameepua maharage."

Mboni alicheka mpaka akajishika ubavu. Shani hakucheka.

"Mwisho ni mara tano," alisema. "Jambo likianza mara tano bila kupokelewa, linatangazwa limeshindikana. Watu wale wawili hawaruhusiwi kulileta tena maisha yao yote. Keshokutwa jibu lisipokuja, mimi na Ngwali basi. Tukipishana njiani tutaamkiana kama majirani."

"Na wewe unampenda?"

"Ningekuwa simpendi si ningechoka mara ya pili?"

Mboni hakulala vizuri. Asubuhi alifunga kilemba chake akaenda barazani, kwenye kikao cha wakubwa, akiwa na hakika kwamba jambo hili akili kidogo tu ingelimaliza. Mnajua tena ujana.

Baraza la Bapa siku hiyo lilikuwa linajadili Sheria ya Kuuliza. Sheria hiyo inasema mjumbe asiite habari yoyote kabla ya kwenda mnarani kwa Bwana Bendera na kumuuliza, "Daraja lipo?" Bwana Bendera anatazama, anafikiri, anajibu "Lipo," ndipo mjumbe anashuka mnara, anavuka uwanja, anafika ukingoni. Akifika huko mara nyingi daraja limeshaondoka. Basi anarudi kuuliza tena. Upande mmoja wa baraza ulitaka mjumbe aulize mara mbili ili awe na uhakika zaidi. Upande mwingine ulitaka mnara urefushwe.

Bwana Bendera mwenyewe, jina lake Pandu, alikuwa mtu nadhifu mwenye kanzu iliyopigwa pasi hadi ikawa na makali. Mboni alimuuliza kwa heshima anajuaje kama daraja lipo.

"Natazama nguzo," alisema Pandu. "Daraja Pana likigusa nguzo yetu, bendera juu na baragumu la kuendelea. Likiachia nguzo yetu, bendera chini na baragumu la kuganda."

"Na upande wa pili? Kama limegusa nguzo yetu lakini kule Ng'ambo linaning'inia tu?"

"Upande wa pili," alisema Pandu, akikunjua mkunjo usiokuwepo kwenye kanzu yake, "hauko katika wilaya yangu."

Mboni alisimama katikati ya baraza. "Wazee wangu, shikamooni. Kwa nini mjumbe asiende moja kwa moja akaita? Daraja likiwepo watamjibu. Lisipokuwepo atajua pale pale, wala hakuna haja ya mnara."

Mama mmoja wa mbele, mwenye miwani iliyofungwa uzi, ndiye aliyejibu. "Aite bila kujua?"

"Ndiyo, bibi."

"Na asipojibiwa?"

"Apumzike kidogo, ajaribu tena."

"Kwa hiyo atakuwa ameshindwa."

"Kwa muda tu, bibi."

"Mjukuu wangu," alisema yule mama kwa upole kabisa, "sisi hapa hatushindwi. Sisi tunangoja."

Wakampigia makofi, na mnara ukaongezwa ghorofa.

Siku ya harusi ikafika, na daraja lililokuwepo lilikuwa Daraja Pana, bendera inapepea juu ya ghorofa mpya. Mjumbe aliyevaa mshipi mwekundu kifuani alikuwa Mzee Machano, mtu mkubwa wa heshima. Baba yake alikuwa mjumbe wa Daraja Pana, na babu yake vile vile. Washenga walikuja kama hawajawahi kuja. Baba mkubwa akauliza wewe kijana ni wa nani, sauti imemkauka kwa kuuliza. Ngwali akajitambulisha neno kwa neno, asikosee, maana naye alijua mara hii ikipotea hakuna nyingine. Shani akaulizwa kama amekubali. Akasema amekubali, na safari hii alilia kweli kama ile ya kwanza.

Machano akatoka. Akaenda mnarani, akauliza, akajibiwa lipo. Akavuka uwanja. Kule ukumbini walimsikia akiita kwa kifua chote: "Ng'ambo! Harusi ya Shani na Ngwali, Bapa, wamekubaliana!" Kisha kimya. Kisha, kabla hata mtu hajameza mate, baragumu.

Ukumbi ukaganda. Mwenye kufungisha ndoa kainua mkono. Shangazi mmoja alikuwa kwenye kigelegele, ulimi uko nje. Ngwali alikuwa anainuka kwenye mkeka, mguu mmoja juu. Machozi ya Shani yalikuwa yanatiririka yenyewe, maana machozi ni kama moto, sheria hayaijui. Na kutoka uani harufu ya pilau ikaanza kubadilika.

Mle ukumbini Mboni peke yake ndiye angeweza kusogea, naye alisogea. Alikimbia uwanja mzima, kanga inamfunguka, anaifunga huku anakimbia. Akamkuta Mzee Machano amekaa kwenye nguzo ya Daraja Pana, mkono shavuni, macho kwenye ukungu, maana mjumbe hagandi, kazi yake kungoja. Daraja halipo. Na hapo ndipo Mboni aliposimama, akafikicha macho. Umbali kama wa nyumba na nyumba ya jirani, Daraja la Kamba limegusa ukingo, linatetemeka, na kwenye mdomo wake inasikika sauti nyembamba ya mwanamke aliyechoka:

"Haloo? Bapa? Kuna mtu hapo? Haloo?"

Machano hakugeuka.

"Shikamoo, baba," alisema Mboni. "Kuna mtu anaita."

"Marahaba. Simsikii."

"Humsikii?"

"Masikio yanasikia," alisema Machano. "Kikazi simsikii. Mimi ni mjumbe wa Daraja Pana. Niliapa kwenye nguzo hii, na baba yangu aliapa kwenye nguzo hii. Yale ya kamba yana watu wake, nasi hapa hatujawahi kuwateua."

"Lakini Daraja Pana limeondoka."

"Litarudi."

"Likirudi harusi ya Shani itakuwa imeshatangazwa imeshindikana."

Mzee yule akageuka sasa, na Mboni akaona kwamba macho yake ni mekundu. "Unadhani sina moyo, mwanangu? Nimeita harusi ya yule mtoto mara tano. Kila mara nikikaa hapa nasema, ya Rabi, leo jibu lije. Lakini nikimwitikia huyo wa kamba, mimi nitakuwa mjumbe wa wapi?"

Mboni alikuwa ameyaona haya haya kwenye kompyuta: waya umetoka, wai-fai ipo imejaa tele, na programu imekodolea macho tundu la waya. Akamwacha, akakimbilia kwenye kamba. "Haloo! Nipo!"

"Afadhali," ilisema ile sauti. "Wewe nani?"

"Mboni. Mgeni."

"Mgeni sina mazungumzo naye, dada yangu, nisamehe. Habari ya mtu naijibu kwa mtu wake. Mlete mwenye habari, na mfanye haraka, kamba hii haina subira."

Basi mbio tena uwanja mzima. Ukumbini hakuna kilichosogea ila nzi. Mboni akapiga magoti mbele ya Shani, akamweleza yote kwa kunong'ona: daraja lingine, sauti, masharti. Shani alikuwa anamsikiliza kwa macho tu. Na Mboni alijua anachomwomba. Sheria ya Bapa inasema anayesogea wakati wa kuganda amelivunja jambo lake kwa mkono wake. Akibaki ameketi, pengine Daraja Pana lingerudi mapema. Akinyanyuka na kule asijibiwe, amejikosesha mume mwenyewe, na hapo hata wa kumlaumu hakuna.

"Sikuahidi kitu," alisema Mboni. "Sijui watajibu nini. Ninachojua kuna daraja, na kuna mtu anaita."

Shani akasimama.

Bi Chausiku, bila kusogeza midomo, akasema, "Shani. Kaa."

"Mama, nimekaa mara nne."

Akapita katikati ya ukumbi, nguo za harusi zinaburuza juu ya miguu ya watu walioganda. Alipofika mlangoni Ngwali akashusha mguu wake. Alivaa viatu akamfuata mkewe. Hapo mwenye kufungisha ndoa akaanza kuhangaika kwa macho. Shangazi wa kigelegele akarudisha ulimi. Maana waligundua jambo ambalo sheria haikulitegemea, kwamba wakiendelea kuganda hawataona kitakachotokea. Nanyi mnajua watu na harusi. Mmoja akanyanyuka akisema anaenda tu kuwarudisha, wa pili akaenda kumsaidia wa kwanza, na kufumba na kufumbua ukumbi mzima uko uwanjani, Bi Chausiku mbele, anapiga kelele kwamba wote watajuta. Kule juu mnarani Pandu alipuliza baragumu mpaka mashavu yakamuuma. Akashuka naye, kwa sababu kutoka ghorofa mpya hakisikiki kinachosemwa chini.

Shani hakumuuliza mtu kama daraja lipo. Alisimama kwenye mdomo wa kamba, akashika nguzo kwa mikono yenye hina, akaita. "Ng'ambo! Mimi Shani wa Bapa. Nimeolewa na Ngwali. Mmepokea?"

Kimya. Kamba ikatetemeka.

"Imekatika," ilisema sauti. "Rudia."

Shani akarudia, na safari hii sauti ikampasuka katikati ya jina la mume wake. Watu wote wakawa wanatazama ukungu kana kwamba jibu litaonekana kwa macho.

"Nimekupata," ilisema sauti. "Shani na Ngwali. Ngoja nikumbuke." Kikapita kitambo. "Pole, mwanangu. Imekataliwa."

Shani akakaa chini pale pale kwenye vumbi. Bi Chausiku, aliyekuja kugombeza, hakugombeza. Alikwenda akamshika mwanawe kichwa akakilaza tumboni mwake. Ngwali ndiye aliyesogea kwenye kamba, uso umemsawijika.

"Imekataliwa kwa nini, mama? Nimekosa nini?"

"Wewe ndiye Ngwali?"

"Ndiye mimi."

"Kaka yangu, huna haya? Wake wanne unao tayari, unatuletea wa tano?"

Nawaambia, palikuwa na kimya pale ambacho hata baragumu haliwezi kukileta. Shani aliinua kichwa taratibu kutoka tumboni kwa mama yake, macho yake yakamtafuta Ngwali.

"Wanne?" alisema Shani.

"Wallahi sijui anachosema," alisema Ngwali.

"Wanne? Akina nani hao, mwanaume?"

"Shani, mimi hata binamu zangu siwatazami."

"Wataje," Bi Chausiku aliliambia lile daraja. "Wewe mama wa Ng'ambo, wataje mmoja mmoja."

"Nawataja," ilisema sauti. "Wa kwanza, Shani wa Bapa. Wa pili, Shani wa Bapa. Wa tatu..." Ikasita. "Wa tatu Shani. Wa nne naye Shani. Ehe. Mbona wote majina sawa?"

Mboni ndiye aliyeelewa kwanza, akaanza kurukaruka na kumshika mkono yeyote aliyekuwa karibu, na aliyekuwa karibu alikuwa Pandu na kanzu yake. "Walipokea! Walipokea tangu ile ya kwanza!"

"Tulipokea kila mara," ilisema sauti, kidogo imekereka. "Na kila mara tulijibu. Daraja lenu kubwa likiondoka sisi tunahamia lililopo, tunaita humo, tunaita, hakuna anayeitikia. Kwani nyinyi hamhami?"

"Na mbona mliwafanya wanne?" aliuliza Mboni.

"Kila mara mnaita harusi, hamsemi ni ile ile. Sisi tutajuaje?"

"Kwetu kila habari tunaipa alama yake," Mboni alimwambia Pandu, kwa furaha kama anamwambia siri, "ikija mara ya pili wanaitambua ni ile ile, hawaipokei upya."

Pandu akasema alama hizo zitahitaji idara.

Nyuma ya watu Mzee Machano alikuwa amesimama. Alikuwa ameiacha nguzo yake. Akapenya taratibu, watu wakampisha, akafika kwenye kamba akiwa bado hataki kuigusa.

"Mama wa Ng'ambo," alisema. "Sauti yangu ilifika?"

"Wewe ndiye mwenye sauti nzito? Baba, wewe hujapotea hata siku moja. Wewe tunakusikia kuliko wote."

Machano alivua mshipi mwekundu, akaukunja, akajifutia macho nao.

Basi hapo kila mtu akawa na lake. Mmoja akauliza kuhusu mtoto wake, akaambiwa ana mapacha watatu. Mama mwenye miwani ya uzi akauliza kuhusu marehemu babu yake, ambaye ukoo ulikuwa bado unampelekea uji.

"Huyo amefariki mara nne," ilisema sauti. "Mungu amrehemu kila mara. Sasa sikilizeni, hawa akina Shani watatu wa ziada mnataka tuwafute? Tuambieni yupi abaki, maana sisi bila ruhusa yenu hatu..."

Kamba ikaachia nguzo. Ikaelea ikaingia kwenye ukungu na sauti ikamezwa nayo.

Na watu, kwa mazoea tu, wakaganda. Mikono hewani, midomo wazi. Hata Pandu aliganda, ingawa mwenye kupuliza baragumu ni yeye na hakuwa amepuliza. Mboni akawatazama, akiomba kimoyomoyo.

Shani akajipangusa vumbi. "Tutawajibu daraja lolote likija," alisema. "Kuna mtu atakayekaa hapa kusikiliza?"

"Mimi," alisema Machano. "Lolote litakalokuja."

"Basi baba kaa, utaletewa sahani yako. Sisi wengine tuna pilau."

Bi Chausiku ndiye aliyesogea kwanza, kwa sababu alikumbuka sufuria. Alipopita yeye, wakapita wote. Pilau lilikuwa limeungua chini, lakini la juu lilikuwa zima, na watu wa Bapa walipokula wali usioungua walitazamana kimya kama watu walioonjeshwa kitu kigeni. Juu mnarani bendera iko chini, daraja hakuna hata moja, na ngoma inapigwa.

Ngwali peke yake alikuwa hali. Rafiki zake walikuwa wamemzunguka.

"Bwana mkubwa," alisema mmoja wao, "wake wanne wana haki zao. Kila mmoja ale sawa, avae sawa, apate siku yake. Tuambie, zamu ya leo ya nani?"

Ngwali akamtazama mkewe kule upande wa wanawake, anamega mnofu bila wasiwasi.

"Ya Shani," alisema.

"Na kesho?"

"Ya Shani."

"Na keshokutwa je, usije ukadhulumu mtu."

"Keshokutwa," alisema Shani kutoka kule kule, bila kuacha kutafuna, "atalala mlangoni. Sisi wanne tutakuwa na maongezi."